Kikohozi Siku ya Kufungua Zabuni

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Kwetu Kyela, kwa Wanyakyusa wa kizazi chake, mke wa mtoto wako hatazamani nawe uso kwa uso. Akikuona unakuja anaacha njia, anaingia majanini, anajifunika kitenge na kukupa mgongo mpaka upite. Jina lako halitamki. Ukitaka kumwambia neno, unampa mama mkwe alipeleke. Wageni hudhani ni chuki, kumbe ni heshima kubwa kuliko zote ambazo mwanamke anaweza kumpa baba wa mumewe. Na mzee naye ana wajibu wake: akikaribia mahali alipo mkwe, akohoe. Ukisikia kikohozi unajua anapita, unatoweka.

Nilikaa kwenye ndoa miaka mingi bila kuujua uso wake. Nilijua mabuti yake ya mpira, ncha ya bakora na upindo wa koti la kijivu. Kikohozi nilikijua zaidi: kikavu, cha mara mbili, halafu kimya kidogo cha kunipa nafasi ya kuondoka. Mjini walinicheka. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, aliyetuuzia saruji tangu mume wangu aanze kazi. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, kwetu mkwe anampakulia baba mkwe wali na kumuuliza kama chumvi imekolea. Wewe unakimbia utadhani umeiba kuku." Nilicheka naye, nikachukua saruji yangu, nikaenda zangu.

Mambo ya zabuni yalikuja na miaka ya ruksa. Zamani shule ikitaka darasa, watu walisubiri idara ya ujenzi ilete mafundi wake, mafundi wakasubiri saruji, saruji ikasubiri lori, na lori likasubiri spea. Kisha milango ikafunguliwa. Kasumulu, mpakani na Malawi, bidhaa zikawa zinavuka daraja mchana kweupe, maduka yakajaa, na wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa. Mume wangu, fundi mwashi wa idara, alikuwa miongoni mwao. Tukaambiwa kuanzia sasa majengo ya umma yatashindaniwa: tangazo litabandikwa ubaoni, kila mwenye kampuni ataandika bei yake, ataifunga kwenye bahasha, na siku ya kufungua kila mtu atasikia bei ya mwenzake kwa masikio yake.

Mume wangu akasajili kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa yeye, mimi niliyekuwa karani wa ushirika kabla ushirika haujafa, mafundi wachache na toroli. Mafundi walimtania wakimwita mkurugenzi. "Mkurugenzi, gari la kampuni limepata pancha," wakimaanisha toroli. Yeye alipanga mawe, mimi nilipanga bei. Tulipata vyoo vya shule, tukapata kalavati, tukapata nyumba ya mwalimu. Tulikuwa wadogo lakini tulikuwa hai.

Baba mkwe wakati huo alikuwa diwani, na madiwani wachache waliketi kwenye bodi ya zabuni, yeye mmojawapo. Alizipenda zabuni kuliko mtu yeyote niliyepata kusikia. Mama mkwe alinisimulia jinsi anavyozungumza akiwa anakula: kwamba sasa kazi haipewi mtu kwa sababu ya shangazi yake, kwamba hata mtoto wa mkulima wa mpunga atapimwa kwa bei na uwezo. Na kwa kuwa mtoto mmoja wa mkulima wa mpunga alikuwa wake, aliapa mbele ya wenzake kwamba jina la kampuni yetu likitajwa yeye hatafungua mdomo. Nilimheshimu kwa hilo. Sikujua litatugharimu nini.

Mwaka ninaousimulia likatoka tangazo la zahanati, kijijini kwa mume wangu, upande wa Njisi.

Asiyeijua Kyela atapata shida kuelewa tulichofanya. Kwetu mvua ndiyo hali ya kawaida na kiangazi ni mapumziko mafupi. Tofali la kuchoma linataka kiangazi: unafyatua udongo, unaanika, unapanga tanuri, unachoma. Lakini karatasi za serikali hazijui kiangazi. Tangazo lilitoka kiangazi kikiwa katikati, na kufungua bahasha kulipangwa mwishoni kabisa, mawingu yakiwa yameshaanza kukaa juu ya milima ya Ukinga ng'ambo ya ziwa. Anayesubiri apewe kazi ndipo afyatue matofali, atafyatua matope. Kwa hiyo mafundi wa kwetu walikuwa na mtindo wao: unafyatua kabla hujashinda. Unaweka roho mkononi, unafyatua.

Nasi tukafyatua. Tuliuza mpunga wote wa mavuno yale. Tukauza na ng'ombe wa mahari ya dada yake mume wangu, ng'ombe ambao kwetu hawaguswi hivi hivi, kwa sababu ndio ambao mdogo wa kiume wa mume wangu angeolea. Baba mkwe ndiye aliyetoa ruhusa, na ndiye aliyetupa shamba lake karibu na kiwanja cha zahanati ili tupate udongo na mahali pa kuanikia. Matofali yakakauka vizuri, yakapangwa rundo refu kuliko mtu, yakafunikwa nyasi. Kilichobaki kilikuwa kuni. Mwenye kuni alisema ataleta lori siku tutakayomwonyesha barua ya ushindi, si kabla, na sisi hatukuwa na kitu kingine cha kumpa.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Tukishinda, kuni zinakuja, tanuri linawashwa kabla ya mvua, na zahanati inapanda. Tukishindwa, kila kitu tulichokuwa nacho kilikuwa udongo mkavu chini ya nyasi, na mvua ingeuchukua.

Bei yetu niliipanga mimi. Ilikuwa ya chini, na ilikuwa ya kweli, kwa sababu matofali yalikuwa tayari, hatua chache kutoka kiwanjani, bila lori wala mafuta. Nililala usingizi mzuri siku niliyoifunga ile bahasha.

Wiki ya kufungua, mume wangu akashikwa na homa. Ilikuwa malaria ile ya kutetemesha kitanda, anaongea na watu wasiokuwapo. Kwenye barua ya utambulisho tulikuwa tumeandika majina mawili tu ya watu wanaoweza kuisemea kampuni, lake na langu. Asubuhi ya siku yenyewe alijaribu kuvaa viatu, akaanguka mlangoni. Nikamrudisha kitandani.

"Nenda wewe," akasema.

"Baba yumo ndani."

Akafumba macho. Alikuwa anajua. "Nenda ukae nje," akasema. "Labda hawataita mtu."

Nilipita dukani kwa yule mama kuomba maji ya kunywa. Alinitazama akajua. "Ingia ndani, mwanangu," akasema. "Ingia usimame kama watu. Zama hizi nani anaangalia hayo? Njaa haina baba mkwe." Nilimwambia nitaona. Nikaenda, jua likiwa halijapanda.

Ukumbi ulikuwa na baraza mbele, madirisha marefu yasiyo na pazia na mlango mmoja wa kuingilia. Nilidhani mlango ni huo mmoja. Nikasimama barazani kando ya dirisha, kitenge kichwani, mgongo ukutani, ili nisikie bila kuonekana. Washindani wengine wakapita wakaingia. Mmoja alikuwa mkandarasi kutoka jijini, na pikapu yake ilikuwa imeandikwa jina la kampuni ubavuni. Alikuwa mtu wa adabu. Alisimama akaniambia, "Dada, karibu ndani, viti vipo." Nikamjibu nashukuru, napunga upepo.

Wajumbe wakaanza. Mwenyekiti alieleza taratibu, kisha akasema kwamba mjumbe ambaye mwanawe ameomba kazi hii atabaki kikaoni lakini hatachangia. Nikasikia miguu ya kiti ikisogea sakafuni. Bahasha zikafunguliwa. Bei ikasomwa, nyingine ikasomwa, ya mtu wa pikapu ikasomwa. Ya kwetu ikaja mwisho. Ilikuwa ya chini kuliko zote, mbali kabisa.

Nilifurahi. Nikashika ukuta.

Siku zile bodi ilikuwa na mazoea ya kuuliza maswali papo hapo, mbele ya watu. Mhandisi, kijana wa mbali, akaomba neno. Akasema bei hii inamtia shaka. Mtu anayeweka bei hivi ama hajui gharama ya tofali, ama anataka kushika kazi aikimbie katikati. Mvua zipo mlangoni, atapata wapi tofali? Bei ya mtu wa pikapu ilikuwa na gharama ya kuleta tofali za saruji kwa lori, na hiyo inaeleweka. Ya huyu haieleweki. Awepo mwenye kampuni ajibu.

Jibu lilikuwa sentensi moja. Matofali yapo, njooni muyaone. Nilikuwa nalo mdomoni. Na mle ndani alikuwamo mtu mwingine aliyelijua jibu hilohilo, mtu aliyeyatazama matofali hayo kila asubuhi shambani kwake, naye ndiye aliyekuwa amezuiwa kusema.

"Mwakilishi wa kampuni hii yupo?" mwenyekiti akauliza.

Nilikuwa nimeshaamua njiani. Wakiita, nitasimama kizingitini, nitawapa mgongo wote, na nitasema nikitazama nje. Litakuwa jambo la ajabu, watacheka, wacheke. Heshima ya mzee itabaki na sauti yangu itafika. Nikavuta kitenge mbele ya uso. Nikapiga moyo konde. Nikageuka kuuendea mlango.

Ndipo kikohozi kikaja, kikavu, mara mbili, halafu kimya kile kidogo. Na kiti kikasukumwa, na mabuti ya mpira yakaanza kutembea.

Siwezi kusema niliamua. Nilikuwa nimekiitikia kikohozi kile kisimani, jikoni, njiani nikiwa na mzigo kichwani, hata siku niliyokuwa na mimba ya miezi tisa. Miguu ilikuwa imeshafundishwa. Niliteremka barazani, nikavuka uwanja, nikaingia kwenye mikakao iliyokuwa mbele ya jengo, nikachuchumaa na kuukabili mti. Nilisubiri mabuti yapite. Hayakupita. Nikasubiri zaidi, kwa sababu mzee alikuwa anatembea taratibu.

Nilipopata akili ya kurudi, watu walikuwa wanatoka. Katibu alikuwa anafunga faili. Nikamwambia mimi ndiye mwakilishi, nipo, matofali yapo, twende sasa hivi nikawaonyeshe. Alinitazama nilivyokuwa na majani ya mikakao kwenye kitenge.

"Mama, uliitwa mara tatu," akasema. "Kikao kimefungwa."

"Nilikuwa hapo nje."

"Sasa ulikuwa nje kwa sababu gani?"

Nieleze nini? Kijana wa watu alikuwa anafuata kanuni, nami nilikuwa nafuata zangu. Nikamshukuru, nikaondoka. Mtu wa pikapu aliniaga kwa heshima zote.

Barua ilipokuja ilisema bei yetu imeonekana haiendani na hali halisi. Mume wangu alikuwa ameanza kukaa kitandani na kunywa uji. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Nilitamani anipigie kelele. Badala yake akasema, "Ulifanya vizuri. Ungesimama mbele ya baba watu wakitazama, mimi ningemtazamaje?"

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Nilimwambia ng'ombe wa dada yako wako wapi, mtazame huyo kwanza. Nikamwambia mabaya mengi. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, na mimi namfokea mgonjwa. Nikatoka nikaenda kukaa jikoni, nikalia mpaka mama mkwe alipokuja kuuliza kama kuna msiba.

Tulijaribu kila njia. Nilimwendea mwenye kuni nikambembeleza, akasema barua iko wapi. Nilimwendea mtu wa pikapu alipokuja kupima kiwanja, nikamwomba anunue matofali yetu. Akaja akayagonga kwa kidole. "Dada, haya ni mabichi," akasema kwa huruma, "mimi nina mkataba wa tofali za saruji." Yule mama wa duka alitupa turubai kuukuu, akakataa malipo. Mafundi walikaa nasi kwa muda, kisha mmoja mmoja wakaenda Kasumulu kubeba magunia ya mahindi. Wa mwisho aliaga akisema, "Mkurugenzi, ndaga, tutaonana," yaani ahsante kwa lugha yetu, na hakukuwa na utani ndani yake.

Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, nyasi zikaihimili. Ya pili ilikuja mchana, kutoka ziwani, na upepo. Mume wangu alikuwa bado hawezi kutembea mbali. Nilikimbia peke yangu hadi shambani. Nyasi zilikuwa zimesharuka. Turubai lilishikwa na kamba upande mmoja tu, upande mwingine ukawa unapiga hewani, na maji yanaingia katikati ya rundo. Kamba nayo ikakatika; niliukamata upande wa kwangu nikaulalia. Upande wa pili haukuwa na mtu wa kuushika.

Kisha nikasikia kikohozi, mara mbili.

Safari hii sikukimbia. Ningeachia turubai ningepoteza kila kitu, kwa hiyo nililiegemea tu, kitenge kimeshalowana kichwani, nikainamisha uso. Nikasikia mabuti yakizunguka kwenda upande wa pili. Turubai likavutwa, likakaza, likatulia. Alikuwa amelishika. Rundo lilikuwa refu kuliko sisi sote wawili, kwa hiyo hapakuwa na kosa: mimi huku, yeye kule, matofali katikati.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Maji yalikuwa yameshaingia chini, na tofali bichi huanza kufia chini. Nilisikia safu za chini zikititia, kisha upande mmoja ukateremka, matope mekundu yakatoka yakanipita miguuni. Nililia, na sikujificha, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa. Rundo likawa usawa wa paji la uso. Likazidi kushuka.

Nilipoinua macho alikuwa hapo. Ulikuwa uso wa mume wangu ulioongezewa miaka, pua ileile, na kovu dogo juu ya jicho ambalo hakuna aliyewahi kunitajia. Nilipaswa kugeuka. Naye alipaswa kugeuka. Alitazama chini, kwenye matofali, akasema kana kwamba anayaambia hayo:

"Nilikuona dirishani. Nilikohoa ili uingie. Mimi nilitokea mlango wa nyuma."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, lakini kwa miaka yote ya ndoa sikuwa nimewahi kumsemesha, na sikujua mtu huanza na neno gani. Nikashika turubai upande wangu, naye akashika upande wake, tukakaa hivyo mpaka hapakuwa na kitu cha kufunika.